Jinsi ya kuangalia picha za Kihindi za zamani mpaka zikuingie: mwongozo kamili

Watu wengi wakijaribu picha za Kihindi za zamani wanaishia dakika ya arobaini. Wanafungua, wanaona nyeusi na nyeupe, mtu analia, mara wimbo, wanasogeza mbele, wimbo mwingine huo, wanasogeza tena, halafu wanasema hizi ni za wazee bwana, ndefu mno, wanarudi kwenye tamthilia zao za Kikorea. Na mi nawaelewa kabisa, maana hakuna aliyewaambia kitu cha msingi: hizi picha zinaingilia masikioni kwanza, machoni zinafika baadae. Ukianza na macho zinakugomea. Ukianza na masikio, hata hayo masaa matatu unayaona mafupi.

Nazungumzia zile za Bombay za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 mpaka katikati ya 1970, enzi za Raj Kapoor, Nargis, Dilip Kumar, Guru Dutt, Madhubala, Waheeda Rehman, mpaka unafika kwa Amitabh. Kwetu pwani si kitu kigeni hiki. Mama yangu mpaka leo akikaanga maandazi anaimba nyimbo za Awaara na hajui Kihindi cha kuombea maji. Na ukimsikiliza marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, taarab yake imejaa mahadhi ya Kihindi tupu. Kwa hiyo sikio unalo tayari, ni kulielekeza tu.

Hatua ya kwanza: sikiliza nyimbo wiki nzima kabla hujafungua picha hata moja

Sitanii, wiki nzima. Tafuta nyimbo za picha unayotaka kuangalia, ziweke kwenye simu, sikiliza ukiwa kwenye daladala, ukiosha vyombo, ukilala. Usihangaike na maana kwanza. Watazamaji wa wakati ule walifanya hivyohivyo, wimbo ulitangulia kwenye redio na santuri, mtu anaingia sinema tayari anaujua, sasa anakwenda kuona umewekwa wapi na kwa nini. Raha kubwa iko hapo, wimbo unaoujua kwa moyo unaibuka katikati ya hadithi na unagundua kumbe ulikuwa unalia, sio unacheka.

Halafu ujue kwamba stelingi haimbi. Sauti ni ya mtu mwingine aliyerekodi studio, stelingi anachezesha midomo, na hakuna aliyedanganywa, kila mtu alijua na waimbaji walikuwa mastaa wenyewe. Kwa hiyo jifunze sauti. Raj Kapoor anaimbiwa mara nyingi na Mukesh, sauti inayotokea puani kidogo, ina huzuni hata akiimba furaha. Mohammed Rafi ndo fundi wa kujibadilisha, akimuimbia Guru Dutt ni mtu mwingine na akimuimbia Shammi Kapoor ni mtu mwingine kabisa. Kishore Kumar alikuwepo zamani ila alilipuka na Rajesh Khanna kwenye Aradhana ya 1969. Kwa wanawake ni Lata Mangeshkar karibu kila mahali, mdogo wake Asha Bhosle, na Geeta Dutt, ambaye kwangu mimi ndiye sauti inayouma kuliko zote, alikuwa mke wa Guru Dutt, na ukijua maisha yao huwezi kumsikiliza kwa amani.

Ukishajua sauti, sogea kwa watunzi. Muziki ni wa mtu mmoja na maneno ni ya mwingine, na wa maneno wengi walikuwa washairi wa kweli wenye majina yao nje ya sinema: Sahir Ludhianvi, Shailendra, Kaifi Azmi, Shakeel Badayuni. Mfano ninaoupenda ni Baiju Bawra ya 1952. Kuna wimbo wa ibada ndani yake, wa kumlilia mungu wa Kihindu, mpaka leo unaheshimika sana. Muziki ni wa Naushad, maneno ya Shakeel Badayuni, sauti ya Rafi, wote watatu Waislamu. Usikilize ukilijua hilo.

Hatua ya pili: okota maneno unayoyajua tayari

Hii ndo siri yetu sisi waswahili. Kihindi cha hizi picha ni nusu Kiurdu, kwa sababu waandishi wengi waliandika Kiurdu, na Kiurdu kimejaa maneno ya Kiarabu na Kiajemi, na hayohayo yapo kinywani mwetu. Tega sikio utasikia duniya, waqt ambayo ni wakati, kitaab, qalam, sawaal, jawaab, khabar, safar, hisaab, sabab, dua, maut yaani mauti, zulm yaani dhuluma, rang ambayo ni rangi. Mtu akigombana na mwenzie akasema bas, ni ileile basi yetu, imetosha. Na lekin ni lakini. Ukianza kuyakamata unakuwa huwezi kuacha, unakaa pembeni ya kiti unawinda maneno, na bila kujua umeshaingia ndani ya picha.

Mi nilikuwa na daftari. Kila picha naandika maneno kumi niliyoyashika bila kusoma tafsiri. Baada ya picha sita hivi nikaanza kuelewa sentensi nzima za mabishano ya mahakamani. Ongezea haya machache ambayo hatuna: dil ni moyo, pyaar ni mapenzi, zindagi ni maisha, maa ni mama, ghar ni nyumbani. Na haya matano tu umeshapata nusu ya kila wimbo.

Hatua ya tatu: tafuta kopi inayoeleweka

Hapa nipite haraka. Kopi mbovu inaua picha nzuri, kwa hiyo kagua mambo manne. Urefu kwanza: nyingi zinakaribia au kuzidi masaa mawili na nusu, ukiona kopi ya saa moja na nusu jua imekatwa, na mara nyingi kilichokatwa ni nyimbo. Pili sabtaito ziwe zinatafsiri na nyimbo, kuna kopi zikifika kwenye wimbo maandishi yanakatika, hiyo achana nayo maana ujumbe wote umo humo. Tatu picha isiwe imevutwa, sura zikiwa bapa ujue mtu kaitanua ijae kwenye TV. Nne, nyeusi na nyeupe iachwe nyeusi na nyeupe. Zile zilizopakwa rangi baadae zinaharibu mwanga ambao fundi wa kamera aliutolea jasho.

Na zile muvi za kutafsiriwa, za dijei anaongea juu, nazipenda kwa eksheni, kweli kabisa, ila kwa hizi hapana, anafunika waimbaji na anafunika Kiurdu, utabaki na ngozi ya ndizi. YouTube ziko nyingi za bure, kama bando ni shida pakua usiku.

Hatua ya nne: kaa nayo kama ilivyotengenezwa

Hizi picha zina mapumziko katikati, watu walitoka kununua karanga na soda. Utaona yameandikwa kabisa, Intermission au Interval, na kabla yake lazima kuna kitu kizito, mtu kaondoka, kafungwa, siri imevuja. Basi na wewe simama hapohapo. Pika chai, swali, ongea na wenzio mnadhani nini kitatokea, mkitaka endeleeni kesho. Ukiangalia nusu mbili siku mbili hujakosea kitu, ila ukisimamisha ovyo kila dakika kumi kujibu meseji umeivunja, kwa sababu dairekta kajenga pumzi ndefu, kicheko kidogo, wimbo, kilio, kicheko tena. Yule mchekeshaji anayekukera, kama Johnny Walker, kawekwa makusudi upumue kabla hujapigwa.

Na usiruke wimbo hata mmoja. Kwenye hizi picha wimbo ndo sehemu ambayo mtu anasema asichoweza kusema mbele ya baba yake.

Hatua ya tano: jua alama

Kuna vitu mtazamaji wa India alivisoma bila kuambiwa, na wewe usipovijua vinakupita. Unga mwekundu kwenye mstari wa nywele za mwanamke maana yake ameolewa na mume yu hai. Ukifutwa, bangili zikavunjwa, akavaa sari nyeupe, amefiwa, na katika mila za wakati ule rangi na furaha zimeondoka kwake. Mtu anayegusa miguu ya mkubwa anaomba baraka, na mkubwa akivuta miguu yake amemkataa hadharani. Uzi unaofungwa mkononi na msichana unamfanya mwanaume huyo kuwa kaka yake, kwa hiyo mapenzi hapo yameisha. Kubusiana hutakuta, ndo maana vichwa vinajificha nyuma ya maua au mwavuli. Ile ya mwavuli kwenye mvua, Raj Kapoor na Nargis kwenye Shree 420 ya 1955, hawagusani karibu kabisa, na bado sijaona mapenzi yameonyeshwa vizuri zaidi ya pale. Hilo jina lenyewe ni alama pia, 420 kilikuwa kifungu cha sheria ya makosa ya jinai ya India kuhusu utapeli mpaka sheria ilipobadilishwa 2024, kwa hiyo ni sawa na kusema Mheshimiwa Tapeli.

Jambo lingine ni sadfa za hadithi, ndugu waliopotezana wanakutana baada ya miaka ishirini, mama anamtambua mwanawe. Watu wanacheka. Kumbuka tu mwaka 1947 India ilipogawanywa mamilioni walihama makwao na familia nyingi zilipotezana kikwelikweli. Na wenyewe wasanii, Raj Kapoor na Dilip Kumar walizaliwa Peshawar, Sunil Dutt upande wa Jhelum, sehemu ambazo leo ni Pakistan. Kwa watu waliokuwa ukumbini kupotezana na ndugu ilikuwa habari ya nyumbani.

Hatua ya sita: fuata mpangilio huu, picha tano

Anza na Awaara, 1951. Ni hadithi ya jaji anayeamini mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, anamfukuza mkewe mjamzito baada ya kutekwa na jambazi, na mtoto anakulia mtaani anakuwa mwizi kweli. Jaji anaitwa Raghunath, na hilo ni jina mojawapo la Ram, mungu wa Kihindu anayesimuliwa kwenye utenzi wa Ramayana, ambaye mkewe Sita alitekwa na baadae akamwacha kwa maneno ya watu. Yaani Abbas aliyeandika na Raj Kapoor aliyeongoza wanamshtaki Ram mwenyewe mahakamani, kwa kujificha nyuma ya jina. Halafu angalia sura: jaji ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor, na yule mtoto mdogo ni Shashi Kapoor, mdogo wake. Kwa hiyo mtoto anaposimama kizimbani mbele ya baba, damu ni ileile kweli. Kaa macho kwenye ile ndoto ndefu, mawingu, ngazi, moshi, miungu mikubwa, hakuna maneno ya kawaida, ni nyimbo tu zinakubeba toka motoni mpaka mbinguni. Hii picha ilipendwa mpaka Urusi na Uturuki, na wazee wetu wengi hii ndo ya kwanza wataitaja ukiwauliza.

Ya pili Pyaasa, 1957, ya Guru Dutt. Usiende kwake kabla ya Awaara, utaona nzito. Mshairi hana mtu wa kuchapisha mashairi yake, ndugu zake wameyauza kama karatasi za kufungia vitu, na aliyeyanunua na kuyatunza ni kahaba anaitwa Gulabo, Waheeda Rehman huyo. Hapa kazi yako ni kuangalia mwanga. Fundi wa kamera ni V.K. Murthy, na kila mtu anapoingia kwenye kivuli au kutoka kuna sababu. Karibu na mwisho watu wanadhani mshairi kafa, wamekusanyika kumsifu, naye anatokea mlangoni nyuma ya ukumbi, mwanga uko mgongoni kwake, mikono imeshika pande mbili za mlango kama aliyesulubiwa, anaanza kuimba taratibu kwamba hata akipewa hii dunia ni ya nini. Duniya, neno letu kabisa. Nimeangalia hapo sijui mara ngapi na bado nywele zinanisimama. Maneno ni ya Sahir, muziki wa S.D. Burman, sauti ya Rafi, na hakuna hata mmoja kati yao ungeweza kumtoa wimbo ukabaki.

Ya tatu Mother India, mwaka huohuo 1957, Mehboob Khan, hii ina rangi. Ukishaangalia Pyaasa ya mjini sasa nenda kijijini. Nargis anaitwa Radha, ana deni la mkopesha fedha lisiloisha kwa sababu hajui kusoma, mume anavunjika mikono yote miwili chini ya jiwe na anatoweka, mafuriko, njaa, na mtoto wake wa pili, Birju, anageuka jambazi. Mwisho sikuambii, ila jiulize kila wakati, huyu ni mama wa Birju au ni mama wa kijiji kizima? Picha nzima inasimama kwenye hilo swali, na inalijibu kwa namna ambayo siku ya kwanza nilikasirika kweli. Iliteuliwa kugombea Oscar ya picha ya kigeni. Wakati wa kuipiga moto uliwazidi, Sunil Dutt akaingia kumtoa Nargis na akaungua, mwaka uliofuata wakaoana. Ndani ya picha yeye ndo anacheza mwanawe.

Ya nne Mughal-e-Azam, 1960, K. Asif, iliyochukua miaka mingi kutengenezwa. Mfalme Akbar, mwanawe Salim na mcheza ngoma Anarkali. Hapa rudi kwa masikio, Kiurdu chake ni cha ikulu, kila mtu anaongea kama anasoma shairi, na sauti ya Prithviraj inatetemesha spika. Kuna toleo la 2004 lililopakwa rangi lote na ndo limeenea, lakini ukipata la asili chukua lile, kwa sababu sehemu kubwa ni nyeusi na nyeupe halafu kwa makusudi Anarkali anapocheza mbele ya mfalme, kwenye ukumbi wa vioo, rangi inafunguka. Anamwambia mfalme usoni kwamba aliyependa haogopi, na anapozunguka dari yote inajaa yeye, Madhubala mia, mfalme hana pa kuangalia asimuone. Kwenye toleo lililopakwa huo mshtuko haupo. Tazama na ile ya unyoya, Salim anampitishia unyoya usoni usiku huku sauti ya Bade Ghulam Ali Khan inatoka mbali. Dilip Kumar na Madhubala walikuwa wamependana kweli na wakati picha inamalizika walishaachana.

Ya tano Sholay, 15 Agosti 1975. Hii huhitaji msaada, majambazi wawili wanaajiriwa na polisi mstaafu kumkamata Gabbar Singh, utaipenda tu. Nataka uangalie kitu kimoja. Jai, Amitabh huyo, anakaa nje usiku anapuliza kinanda cha mdomo, na juu barazani Radha, mjane, anazima taa moja moja. Hawasemezani. Yeye yuko kwenye sari nyeupe. Baadae inakuja kumbukumbu ya Radha kabla hajafiwa, siku ya Holi, sikukuu ya Kihindu ya kurushiana rangi, karushiwa mwili mzima, anaongea hanyamazi. Kama ulisoma hatua ya tano, hapo unaelewa kila taa inayozimwa ni nini. Mwenzangu mmoja ameangalia Sholay tangu mdogo, anajua maneno ya Gabbar yote kwa kichwa, nilipomwonyesha hiyo akasema hakuwahi kuiona, siku zote ndo muda wake wa kwenda chooni.

Hatua ya saba: rudia na mtu mzima

Chukua ile Awaara umuwekee mama, shangazi, babu, yeyote aliyekuwa kijana enzi zile. Ukiwa Unguja waulize waliokuwa wanakwenda Majestic pale Vuga. Usimwambie unataka kujua nini, weka tu wimbo wa kwanza na unyamaze. Ataanza mwenyewe: alikwenda na nani, alivaa nini, tiketi ilikuwa shida, nani alizimia Nargis alipolia. Mi shangazi yangu alinieleza jinsi walivyokuwa wananunua kanga mpya kwa ajili ya sinema ya Jumapili, na alipomaliza akawa analia kwa sababu mwenzake aliyekuwa anakwenda naye ameshatangulia. Andika anachosema au mrekodi, akikubali.

Baada ya hapo chagua kwa hamu yako. Ukipenda ya maskini wa kweli, Do Bigha Zamin ya Bimal Roy, 1953, mkulima anakokota riksho Calcutta kuokoa shamba lake. Ukipenda mizimu na kuzaliwa upya, Madhumati, 1958. Ukitaka mwanamke anayeamua mambo yake, Guide ya 1965. Meena Kumari muanze na Sahib Bibi Aur Ghulam, 1962, ndo umalizie na Pakeezah, ilitoka Februari 1972 na yeye akafa Machi ya mwaka huohuo.

Kaagaz Ke Phool ya 1959 iache mpaka mwisho kabisa, na iangalie peke yako usiku. Ni ya Guru Dutt tena, ya kwanza India kwa upana wa sinemaskopu, inamhusu dairekta anayesahauliwa na dunia. Kuna wimbo wa Geeta Dutt humo, maneno ya Kaifi Azmi, wawili wamesimama mbali ndani ya studio tupu na mwale wa mwanga unashuka kati yao. Murthy aliupata kwa vioo, alilikamata jua nje akalileta ndani. Picha ilianguka vibaya, Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji, na miaka mitano baadae alikuwa amekufa, ana miaka 39. Neno la kwanza la huo wimbo ni waqt, na hilo halihitaji sabtaito.